Anayesoma bajeti ya Goma aanzie kwenye mapato

Mshauri wa komini akikabidhiwa rasimu ya bajeti ya mji wa Goma, macho hukimbilia matumizi: barabara ipi itatengenezwa, soko lipi litaezekwa, mtaa upi umesahauliwa. Ndicho wapiga kura wake watakachomuuliza. Mimi ningemwambia ageuze kitabu. Matumizi ni ahadi tu. Uwezo wa kuitimiza umo kwenye kurasa za mapato, na huko ndiko rasimu za miji yetu zinakopambwa.

Bajeti lazima ilingane, kila franka ya kutoka iwe na franka ya kuingia. Lakini ulinganifu huo unaweza kutengenezwa kwa kalamu. Chukua mstari wa fedha za Kinshasa. Kifungu cha 175 cha katiba ya 2006 kinayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, tena yakatwe palepale yanapokusanywa. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 nayo inateremsha asilimia 40 ya fungu hilo hadi kwa miji, komini na maeneo mengine yaliyogatuliwa madaraka. Katika kila franka 100, basi, 16 zingefika ngazi hiyo. Kinachotokea ni kwamba fedha hupanda Kinshasa kwanza, kisha hurudi pungufu na kwa kuchelewa. Rasimu ikiandika fungu ambalo sheria inalitaja badala ya fungu ambalo mji hulipokea, hesabu inakubali na sanduku linabaki tupu. Hapo wa kwanza kuachwa si mafuta ya gari la ofisi. Ni mfereji wa maji ya mvua, kwa sababu mfereji haugomi wala haudai malimbikizo.

Swali la kwanza la mshauri liwe fupi: miaka mitatu iliyopita, mstari huu uliandikiwa kiasi gani, na zilifika franka ngapi? Jibu lisipokuwapo, asinyanyue mkono kupiga kura.

Swali la pili linagusa haki. Kodi ya majumba na kodi ya mapato ya upangishaji ziko mikononi mwa jimbo, na zinakusanywa na idara yake ya mapato. Mji umebaki na vidogovidogo: ushuru wa meza sokoni, karatasi za hali ya raia, na vingine vya namna hiyo. Tazama maana yake mitaani. Nyumba kubwa za Himbi karibu na ziwa, ambazo kwa miaka mingi zimepangishwa mashirika ya misaada kwa dola, hazilishi moja kwa moja sanduku la mji. Mama mwenye nyanya kwenye soko la Virunga, au samaki kwenye lile la Kituku, analilisha kila siku. Kwa hiyo rasimu inayotangaza kwamba mapato ya mji yenyewe yataongezeka maradufu lazima iulizwe: yataongezeka kwa nani? Mara nyingi ni kwa mama huyo huyo, labda na wenye pikipiki.

Upande wa matumizi nitaupitia haraka. Mengi yanayolalamikiwa hayamo mikononi mwa mji. Maji ni ya Regideso, shirika la serikali. Barabara ya taifa namba 2, inayopita mjini kutoka Bukavu kuelekea Rutshuru na Butembo, ina mfuko wake wa kitaifa wa matengenezo. Mshauri anayemlaumu meya kwa kila shimo anapoteza sauti yake bure.

Mstari mmoja tu ningemzuia asiuruke: wa maafa. Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji Januari 2002. Tarehe 22 Mei 2021 ilisimama ukingoni, na siku tano baadaye gavana wa kijeshi akaamuru mitaa 10 kati ya 18 ihame. Watu walikimbilia Sake na Gisenyi wakiwa na magodoro kichwani. Mji wenye historia hiyo, na nyumba za mbao zilizobanana kiasi kwamba hata bila volkano moto huruka kutoka ua hadi ua, hauwezi kuweka akiba ya maafa kama mapambo ya mwisho wa jedwali.

Ila nimemzungumzia mshauri kana kwamba ameketi. Sheria ya 2008 iliahidi mabaraza ya komini yaliyochaguliwa na raia, na baraza la mji lililochaguliwa na washauri hao. Wapiga kura wa komini za Goma na Karisimbi walisubiri hadi 20 Desemba 2023 kuwachagua washauri. Tangu Mei 2021 jimbo lilikuwa chini ya utawala wa kijeshi wa dharura, na umeya ulishikwa na maafisa wa polisi. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 wakauteka mji, benki zikafungwa, na muungano wao wa AFC/M23 ukateua gavana na meya wake. Aprili mwaka huo wakaifungua upya CADECO, benki ya akiba ya serikali, kwa maelekezo yao wenyewe.

Kifungu cha 174 cha katiba kinasema kodi haianzishwi ila kwa sheria. Chini ya watawala hawa mji una meya na una watoza kodi. Hauna baraza lililochaguliwa ambalo mezani pake rasimu ya bajeti ingewekwa, na mama wa Kituku hana mshauri wa kumtuma aulize franka zake zimeandikwa ukurasa gani.