Nyumba "kavu" ya Fairbanks: maneno manne yaliyonishinda

Mwaka jana dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alinitumia tangazo la nyumba inayouzwa Fairbanks, Alaska, mji anamokaa. Kiswahili na Kifaransa anasoma bila shida. Kiingereza bado kinamsumbua. Akaniomba: "Mdogo wangu, wewe unasomea lugha. Nifasirie hili kabla sijatoa arbuni." Nilimaliza kwa nusu saa, na nilikosea mahali panne. Kwa kuwa wengi wetu katika kitivo hiki tutakula kwa kazi ya kutafsiri, naona inafaa nieleze makosa hayo.

Kwanza, mji wenyewe. Fairbanks una wakaaji wapatao 32,000, katikati ya Alaska, na kutoka hapo hadi Duara la Aktiki hapafiki kilomita 200. Ukiuacha mji kidogo, unakutana na pori la misitu na mito. Kulungu wakubwa kuliko farasi huja hadi uani. Katika miezi ya baridi kali, joto huweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Hapo tu mfasiri ana nafuu, maana kipimo hicho ni kilekile kwa Selsiasi na kwa Farenhaiti.

Neno la kwanza lililonishinda ni "kavu". Kwetu Bukavu, anayesema nyumba yake ni kavu anaisifu: haivuji na kuta zake hazina unyevu. Niliandika hivyo, dada akafurahi. Kumbe Fairbanks nyumba "kavu" ni nyumba isiyo na mabomba ya maji. Mkaaji wake huteka maji kwenye kituo mjini, huyapakia garini katika bidoni, na choo kiko nje. Kule si aibu. Wanafunzi wengi hupanga nyumba za namna hiyo kwa sababu ni za bei nafuu. Lakini anayenunua lazima ajue, maana benki nyingi husita kuikopeshea nyumba isiyo na maji. Dada alikwenda kuiona, akatafuta bomba jikoni, hakuliona. Akanipigia simu: "Mdogo wangu, nilibeba maji Kadutu utoto wangu wote. Sikuvuka bahari ili niyabebe kwenye theluji."

La pili ni "nguzo zinazorekebishika". Nilizitafsiri kama sifa ya ufundi. Kwa kweli fundi huweka nguzo za kupandisha na kushusha kwa sababu ardhi ya chini haitulii. Mnunuzi akisoma maneno hayo, inampasa aulize nyumba imekwisha kunyooshwa mara ngapi.

La tatu linaeleza la pili. Niliandika "ardhi iliyoganda daima", na neno "daima" ndilo lililopotosha. Wataalamu huita hivyo ardhi iliyokaa chini ya sifuri kwa miaka miwili au zaidi mfululizo. Lakini inaweza kuyeyuka. Nyumba yenye moto ndani huipasha joto ardhi iliyo chini yake. Barafu iliyomo ikayeyuka, udongo unadidimia na nyumba inainama. Fairbanks ardhi hiyo haiko kila mahali. Iko zaidi mabondeni na kwenye miteremko inayotazama kaskazini, mahali ambapo misunobari myeusi, myembamba na mifupi, humea. Miteremko inayotazama kusini hupata jua, na mara nyingi haina barafu chini. Tena hewa ya baridi kali hutuama bondeni, hata mlimani pakawa na nafuu kuliko chini. Sisi tulioona miteremko ya Bukavu ikiporomoka na nyumba za watu hatuna haja ya kuelezwa mara mbili: unaponunua nyumba, umenunua na udongo wake.

La nne ni "umeme wa gari". Nilidhani ni la kuchaji gari la umeme. Sivyo: ni soketi ya nje ya kuchomekea kifaa kinachopasha injini joto usiku, ili gari la kawaida liwake asubuhi.

Nikitazama makosa hayo manne, sioni hata moja lililotokana na kutojua Kiingereza. Kila neno lilikuwa katika kamusi. Nilichokosa ni maswali: maji yanatoka wapi, chini ya sakafu kuna nini, moto unawashwa kwa mazutu au kwa kuni, na kwa baridi kali gari linawakaje? Ningemuuliza dada hayo kabla ya kufungua kamusi, angenisahihisha mwenyewe, maana yeye ndiye anayeishi kule.

Arbuni haikutolewa. Dada bado anapanga, na sasa anatafuta kwenye mteremko wa kusini. Matangazo anaendelea kunitumia; ila siku hizi simu hutangulia, tafsiri hufuata.