Kikapu cha Matembezi Huanzia Sokoni

Kipupwe kimeingia, watoto wako likizo, na jumuiya nyingi zinapanga siku ya kutoka pamoja, kwenda kukaa chini ya miti, kucheza na kula. Ni jambo jema kwa afya ya mwili na kwa upendo wa nyumbani. Mwezi huu tuzungumze juu ya kile kitakachokuwamo kikapuni.

Tunaanza na kisa tulichokiona wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, Jumapili jioni, tulipokea wodini watoto saba, wote wakitapika. Walikuwa wametoka matembezini. Mama aliyesimamia mapishi alikuja nyuma yao akilia: "Sista, tulipika kwa usafi wote. Hata mwiko niliuosha mara mbili." Tulimwamini. Tulipouliza pilau lilipikwa lini, alisema liliiva Jumamosi saa nne usiku, likafungwa likiwa la moto kwenye ndoo zenye mifuniko, likaliwa kesho yake saa nane mchana. Jumla ni saa 16.

Kosa lilikuwa hapo, wala si kwenye mwiko. Mchele huweza kuwa na mbegu za vijidudu zisizokufa kwa kuchemshwa. Wali ukikaa uvuguvugu, vijidudu hivyo huamka, huongezeka na kutoa sumu. Sumu hiyo hujui kwa kunusa wala kwa kuonja, na kupasha chakula moto hakuiondoi. Mchuzi wa nyama ulioachwa katika sufuria kubwa nao una vijidudu vyake. Vyote hustawi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za joto, yaani pale ambapo chakula si baridi kama kilichotoka kwenye friji, wala si cha moto kiasi cha kufuka mvuke. Kwa hiyo chakula kilichopikwa kisikae hivyo zaidi ya muda wa saa mbili.

Basi tubebe nini? Jibu liko sokoni. Sisi wa Morogoro tumebarikiwa: wakulima wa Mgeta na sehemu nyingine za Uluguru hututeremshia karoti, njegere, ndizi na matunda. Vingi vya vyakula hivyo vina ganda lake, na ganda hilo ni mfuniko bora kuliko wa ndoo.

SOKONI

Kwa familia ya watu sita tunashauri: viazi vitamu kilo 2, mayai 8, chana moja la ndizi mbivu, machungwa 12 (msimu wake ndio huu), karoti na matango machache, nyanya 6, malimau 2 na karanga nusu kilo.

Chagua mayai yasiyo na ufa. Usinunue tikiti au nanasi lililokwisha kukatwa. Nunua zima, ukalikate mwenyewe. Karanga zikague kwa makini. Zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu ziache, kwani huenda zina sumukuvu, na kukaanga hakuimalizi. Tukumbuke mwaka 2016, ndugu zetu wa Dodoma na Manyara walipoteza maisha kwa mahindi yenye sumu hiyo.

NYUMBANI

Usipike usiku. Amka mapema, chemsha viazi na maganda yake, na mayai kwa dakika 10. Usiyamenye mayai, yatamenywa huko huko. Osha matunda na mboga kwa maji safi, hata yale yatakayomenywa, maana kisu hupeleka uchafu wa ganda ndani.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Chukua lita moja na nusu kwa kila mtu. Maji ya mto unaoshuka mlimani huonekana maangavu, lakini huko juu kuna watu wanaofua na mifugo inayokunywa.

Wanaotaka nyama wainunue asubuhi hiyo hiyo, waibebe mbichi katika chombo chake peke yake, chini ya vitu vingine, na waichome mara wafikapo, hadi isibaki wekundu ndani. Kisu na ubao wa nyama visiguse kachumbari.

HUKO MATEMBEZINI

Tangulizeni ndoo yenye koki, na sabuni. Kila mtu anawe kabla ya kula, na watoto wanawe tena watokapo chooni. Kachumbari ikatwe wakati watu wamekwisha kukaa, si kabla. Watoto wa chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima, kwa sababu huweza kuwapalia na kuziba njia ya hewa. Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita ni wa maziwa ya mama tu, hata siku ya sherehe.

MTOTO AKIUGUA

Akianza kuharisha, usingoje kesho. Koroga pakiti moja ya ORS katika lita moja ya maji salama, umpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole. Anyonye na ale kama kawaida. Zinki hupewa kwa siku 10 hadi 14, kwa kipimo atakachoeleza muuguzi. Usimpe dawa za kufunga tumbo. Macho yakiingia ndani, akishindwa kunywa, akilegea au kukiwa na damu kwenye choo, mkimbize hospitali.

Wale watoto saba walipona, na baada ya siku mbili walirudi nyumbani. Aliyechelewa kupona ni yule mama, maana aliona haya hata kukutana na wenzake. Tulikwenda kwenye jumuiya yao, tukaeleza mbele ya wote kwamba hakuwa mchafu wala mzembe. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za wali. Mwaka uliofuata walimpa tena kazi ya chakula. Safari hiyo hakuwasha moto Jumamosi usiku. Alilala mapema, akaenda sokoni alfajiri, na jioni hatukupokea mtoto yeyote kutoka kwao.