Shamba Likiwa na Kesi: Jiandae Kabla ya Kumwona Wakili

Ndugu mkulima wa Ugalla, pamoja na jamaa wa Katumba, Nsimbo na ninyi nyote mlio kando ya reli itokayo Kaliua kwenda Mpanda, leo hatuzungumzi juu ya mbegu wala mbolea. Tunazungumza juu ya shamba lenyewe, maana mbolea haina kazi kama shamba limekwenda kwa mtu mwingine.

Tuseme hivi. Baba yako alifyeka pori akapata ekari nane. Amefariki, na wewe unalima hapo mahindi na tumbaku. Msimu huu jirani amevuka mpaka, amelima ekari tatu, na ukimwuliza anasema aliuziwa na mdogo wako. Watu wanakuambia, "Nenda Mpanda katafute wakili." Ushauri si mbaya. Lakini nauli ni fedha, siku ya kazi inapotea, na wakili naye ana ada yake. Ukifika mikono mitupu atakurudisha nyumbani kufuata ulivyosahau, na safari ya pili utailipia tena.

Kwanza fahamu shauri lako limefika ngazi gani. Ugomvi wa ardhi ya kijiji huanzia kwa wazee wa Baraza la Ardhi la Kijiji. Wasipoweza, unakwenda Baraza la Kata. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Baraza la Kata halikati tena kesi ya ardhi; kazi yake ni kupatanisha tu. Likishindwa linakupa cheti cha kusema limeshindwa, na bila cheti hicho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, pale Mpanda, halisikilizi shauri lako. Zikipita siku 30 bila usuluhishi, sheria inakuruhusu kuendelea mbele hata kama cheti hukupewa. Sasa angalia jambo hili: mbele ya Baraza la Kata wakili haruhusiwi kusimama kukusemea. Kwa hiyo mtu anayekutoza fedha eti akakutetee kata, huyo anakula jasho lako bure. Kuomba ushauri wa wakili mapema ni sawa kabisa, lakini kusema huko utasema mwenyewe.

Hata kwenye Baraza la Wilaya si lazima uwe na wakili. Unaweza kujisimamia, au ndugu yako akakusimamia, na Kiswahili kinatumika. Wakili anafaa zaidi pale ambapo karatasi ni nyingi, au mwenzako ameweka wakili, au mambo yamekwenda kwenye rufaa Mahakama Kuu.

Na awe wakili kweli. Vishoka wako wengi. Mtu ana mkoba na mhuri, anakaa karibu na mahakama, anakuandikia barua kwa maneno makubwa, kumbe si wakili. Wakili wa kweli ameandikishwa, na leseni yake huhuishwa kila mwaka. Mwombe jina lake kamili, kisha uliza masjala ya mahakama, au mwambie kijana mwenye simu aangalie kwenye mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili. Wakili wa haki hakasiriki kwa kuulizwa. Kama fedha huna kabisa, iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii kwenye halmashauri yako wakuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria. Hao hawapaswi kukutoza, ingawa hawasimami barazani kama mawakili.

Haya, umepata wakili. Siku mbili tatu kabla ya safari, kaa na mtu wa nyumbani ajuaye kuandika. Andikeni habari yote kwa mpango wa miaka: shamba lilipatikana lini na kwa nani, nani amelima tangu hapo, ugomvi ulianza msimu gani, mlikwenda kwa nani na akasema nini. Miaka ni muhimu kuliko unavyodhani. Kudai ardhi kuna ukomo wa miaka 12 tangu haki yako ya kudai ilipoanza. Ukiwa umenyamaza miaka 15 huku mwenzako analima, wakili lazima ajue mapema. Vilevile kama shamba liligawiwa wakati wa Operesheni Vijiji, mtaje mwaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilithibitisha migao iliyofanywa kati ya 1970 na 1977, na wengi wanaodai shamba la babu la kabla ya hapo hujikwaa papo hapo.

Kisha kusanya karatasi. Hati ya hakimiliki ya kimila kama unayo, barua ya kugawiwa, muhtasari wa mkutano wa kijiji, maandishi ya mauziano, cheti cha kata, barua zozote mlizoandikiana. Karatasi iliyoliwa na mchwa nayo ilete, usiitupe. Mwache wakili na nakala; karatasi halisi zirudi nawe nyumbani, kwa sababu ndizo zitakazotakiwa siku ya ushahidi. Na maandishi ya mauziano ambayo hayakulipiwa ushuru wa stempu hayapokelewi kuwa ushahidi mpaka yalipiwe, kwa hiyo mwonyeshe wakili mapema.

Mashahidi usiwabebe wote kwenye gari. Andika majina yao, na mbele ya kila jina andika alichokiona kwa macho: huyu tunapakana kaskazini, huyu alikuwepo mti wa mpaka ulipokatwa. Anayejua kwa kusikia tu hana nguvu. Chora na ramani ndogo, hata kwa kalamu ya mtoto wa shule, ukionyesha mto, njia, kichuguu na miti ya mpaka.

Sasa turudi kwa yule baba aliyefariki. Hapa ndipo kesi nyingi hufa kabla ya kusikilizwa. Shamba la marehemu halidaiwi na mtoto kwa jina lake hivi hivi. Anayelidai ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama ukoo haujakaa kikao na kwenda Mahakama ya Mwanzo, fanyeni hilo kwanza. Hali kadhalika, kama unayemlalamikia ni serikali au halmashauri, kuna notisi ya siku 90 inayotangulia. Ukiruka, shauri linatupwa hata kama haki ni yako.

Ukikaa mbele ya wakili, sema yote, na lile baya lianze. Kama mdogo wako alimwuzia jirani kweli na wewe ukapokea sehemu ya fedha, sema. Kama mlipigana, sema. Sheria inamkataza wakili kutoa siri ya mteja wake, isipokuwa pale mteja anapotaka kumtumia kutenda uhalifu. Jambo ulilolificha litatolewa na upande wa pili mbele ya baraza, na hapo wakili wako hana la kujibu. Mimi namsikitikia wakili wa namna hiyo kuliko mteja wake.

Usiondoke kabla ya kuzungumza fedha. Muulize: ada ni ya kesi nzima au ya kila siku ya kusikilizwa? Nauli yake nani analipa? Ada ya kufungua shauri imo? Rufaa je? Mkulima wa tumbaku aseme wazi kwamba fedha yake huja baada ya masoko ya chama cha msingi, wapange malipo kwa awamu. Makubaliano yaandikwe, mtie sahihi wote wawili, na kila shilingi uchukue risiti.

Mwisho muulize tarehe inayofuata na uiandike kwenye daftari lilelile la habari zako. Kama Baraza la Wilaya limekwisha kutoa hukumu na hukuridhika, rufaa ya Mahakama Kuu ina siku 45 tu. Siku hizo zinahesabiwa hata wakati wa mavuno.