Mbio Ndefu na Hewa ya Pwani

Mkimbiaji wa marathoni hukimbia kilometa 42.195. Mtu mwenye uzito wa kilo 60 hutumia takriban kilojuli 10,600 za nishati katika safari hiyo, na robo tatu hivi hugeuka kuwa joto. Joto hilo lisipotoka, huweza kuua. Njia kuu ya kulitoa ni jasho: kila lita inayogeuka mvuke juu ya ngozi huondoa kilojuli zipatazo 2,400. Kama jasho lingekuwa njia pekee, zaidi ya lita tatu zingepaswa kukauka.

Hapo ndipo Dar es Salaam inapotofautiana na Mbulu, alikozaliwa John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki mjini Mexico mwaka 1968 ingawa alikuwa ameumia goti. Hewa ya nyanda za juu ni baridi na kavu. Hewa ya pwani imejaa mvuke, na jasho hudondoka kabla ya kukauka. Jasho linalodondoka halipozi mwili.

Ndiyo maana mbio ndefu za mjini huanza mapema asubuhi. Unyevu ni mwingi saa hizo, lakini jua halijaanza kuunguza. Ndiyo saa pia ya vikundi vya mitaani vinavyokimbia vikiimba, kwa desturi ya mchakamchaka.

Mwili wa mgeni huhitaji siku 7 hadi 14 kulizoea joto. Afikaye usiku wa kuamkia mbio hujihatarisha. Afikaye mapema hulinda afya yake, na wakati huohuo hulala, hula na kununua katika mji: samaki Feri, kanga Kariakoo. Hivyo kanuni ya afya huwa pia kanuni ya utalii, na waandaaji wa mbio wanapaswa kuwaeleza wageni wao.

Faida nyingine yaonekana Upanga. Mbio za hisani za CRDB Bank Marathon, zilizoanza mwaka 2020, zimechangia matibabu ya watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili. Yafaa basi wanaokimbia kwa ajili ya mioyo ya wengine wailinde yao.

Wanafunzi waweza kulipima jambo hili shuleni. Chukueni vipimajoto viwili, kimoja mkivike kitambaa kilicholowa maji, kisha mvipepee vyote kivulini. Kadiri tofauti ya vipimo inavyopungua, ndivyo jasho linavyoshindwa kuupoza mwili. Linganisheni saa 12 asubuhi na saa 6 mchana.