Mashua Ipae au Isipae?

Juma hili tutazame jambo ambalo kwa haraka laweza kuonekana kuwa ni starehe ya watu wachache wa nchi za mbali, lakini ndani yake mna swali ambalo kila mchezo hulikuta siku moja. Kikizuka kifaa kipya kinachomfanya mwenye nacho awaache wenzake mbali, je, kiruhusiwe, kikatazwe, au wachezaji wagawanyike mafungu mawili? Swali hili limewafika waendesha mashua ndogo za matanga za mashindano, na kifaa chenyewe ni mabawa yanayofungwa chini ya mashua.

Kwanza tuelewane juu ya mashua zenyewe. Katika mbio hizi kuna madaraja ya namna mbili. Namna ya kwanza ni ile ambayo mashua zote ni sawasawa, kama ile ya ILCA, iliyojulikana zamani kwa jina la Laser. Hapo anayepimwa ni baharia peke yake. Namna ya pili ni madaraja ya ubunifu. Kanuni zake hutaja mipaka michache tu, kama vile urefu, upana na ukubwa wa tanga, na ndani ya mipaka hiyo fundi huachiwa abuni apendavyo. Hapo hupimwa baharia pamoja na fundi wake. International 14, mashua ya futi 14 yenye mabaharia wawili, iliyopata hadhi ya kimataifa mwishoni mwa miaka ya 1920, ni ya namna hii ya pili.

Sasa tuje kwenye mabawa. Msomaji aliyepata kutoa mkono nje ya dirisha la gari liendalo kasi anajua kwamba ukiuinamisha kidogo, upepo huusukuma juu. Maji nayo hufanya vivyo hivyo, tena kwa nguvu zaidi, kwa kuwa ni mazito kuliko hewa kiasi cha mara 800. Kwa hiyo bawa dogo tu likikatiza majini kwa kasi ya kutosha laweza kuinua mashua na mtu wake. Mashua ikishatoka majini, yale maji yaliyokuwa yakiivuta nyuma hayaigusi tena, isipokuwa kwenye mabawa na vibao vinavyoyashika.

Wazo hili si geni. Mwitaliano Enrico Forlanini alijaribu chombo cha namna hiyo mwaka 1906, na mwaka 1919 chombo cha Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, kilikwenda huko Kanada kwa kasi ya kilometa 114 kwa saa. Lakini hivyo vilikuwa vyombo vya injini. Kazi ngumu ilikuwa kuinua kimashua kinachoendeshwa na tanga na mtu mmoja.

Waliofaulu ni watu wa daraja la Moth, lililoanzia Australia mwaka 1928. Mashua yao ina urefu wa mita 3.355 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Brett Burvill aliweka mabawa ya pembeni yaliyokata uso wa maji. Wenye daraja wakasema hapana, mashua yenye mabawa hayo ni sawa na chombo chenye miili mingi, na kanuni haziruhusu. Ndipo ndugu wawili wa mji wa Perth, Garth na John Ilett, wakaja na njia nyingine: bawa moja chini ya kibao cha katikati, na jingine chini ya usukani. Mbele wakaweka kijiti chembamba kinachoburura majini. Mashua ikipanda mno, kijiti hushuka na kupunguza nguvu ya bawa. Ikishuka mno, huiongeza. Mwaka 2005 Rohan Veal alitwaa ubingwa wa dunia mjini Melbourne kwa mashua yenye mabawa, na tangu hapo asiyepaa hakuwa tena na tumaini la ubingwa.

Je, Moth walipata au walipoteza? Walipata, tena sana. Mashua zao sasa hupita kilometa 55 kwa saa. Peter Burling, bingwa wao wa mwaka 2015, ndiye aliyeshika usukani New Zealand ilipotwaa Kombe la Amerika mwaka 2017, 2021 na 2024. Lakini pia walipoteza. Mashua za zamani zilibaki bila thamani katika mbio kubwa. Mpya hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Bawa liko chini kiasi cha mita moja, kwa hiyo ufuko wenye maji haba haufai, na mwani au mfuko wa plastiki ukinasa safari imekwisha. Upepo ukiwa mdogo, mashua haiinuki kabisa.

Upande mwingine ni daraja la A, la mashua zenye miili miwili. Hawa walitaka kuzuia kupaa bila kukataza waziwazi, wakaweka kanuni kwamba vibao lazima viingizwe kutoka juu. Mafundi hawakukata tamaa. Walivipinda vibao, kwanza kama herufi J, baadaye kama Z, na mashua zikapaa vile vile. Kanuni iliyokusudiwa kuzuia gharama ikazaa vibao vigumu zaidi kutengeneza. Mwishoni mwa miaka ya 2010 ilibidi wagawanyike: wanaopaa huku, wasiopaa kule. Amani ilipatikana, lakini kundi lililokuwa moja sasa ni mawili.

International 14 wenyewe wana historia inayofanana. Mwaka 1938, huko Uingereza, Peter Scott na John Winter walishinda kombe kubwa la daraja hilo kwa mashua Thunder and Lightning, baharia akining'inia nje ya mashua kwa waya uliofungwa mlingotini. Waya huo ukapigwa marufuku mara moja, na miaka mingi ikapita kabla ya kurudishwa. Leo mashua hiyo haifikiriki bila waya. Wapenda mabawa husema: mnaona? Mlikosea wakati ule, msikosee tena.

Hoja hiyo ni nzito, lakini haifanani sana. Waya ulikuwa kitu cha bei ndogo, na mashua iliyokuwapo iliweza kufungwa waya jioni na kushindana kesho yake. Mabawa hayako hivyo. Yanadai mwili mwingine wa mashua, kibao kingine, na hata bahari nyingine. Kuyaruhusu ni kuanzisha daraja jipya kwa jina la zamani.

Wengine husema daraja la ubunifu likikataza uvumbuzi limejisaliti. La hasha. Futi 14 nazo ni katazo. Ukubwa wa tanga ni katazo. Ubunifu huhitaji ukuta wa kuegemea, ama sivyo mshindi atakuwa mwenye fedha nyingi kuliko wote. Sisi wa Afrika Mashariki tuliliona hili katika riadha. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni chini ya saa mbili mjini Vienna mwezi Oktoba 2019, dunia ilizungumza viatu vyake karibu sawa na miguu yake, na mwezi Januari 2020 wakuu wa riadha wakaweka mpaka: soli isizidi milimeta 40, na bamba la ndani liwe moja tu. Hawakukataza viatu vipya. Walisema wazi mwisho uko wapi.

Kwa maoni yetu, International 14 wabaki na kile kibawa kidogo walichokwisha kuruhusu kwenye usukani, ambacho huinua sehemu ya nyuma na kuituliza mashua, wasiende mbali zaidi. Atakaye kupaa ana mahali pa kwenda: kuna Moth, na tangu Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, kuna Nacra 17 ya watu wawili. Lakini katazo liandikwe waziwazi, si kwa kuzungukazunguka kama walivyofanya wa daraja la A. Na kama siku moja wengi watataka kubadili, wapige kura na kutoa miaka ya kujitayarisha, ili mwenye mashua ya kawaida asiamke asubuhi akakuta mali yake imekuwa kuni.

Kupanga ni kuchagua, na wahenga walituonya tusisafirie nyota ya mwenzio. Moth waliijua nyota yao. International 14 nao waitafute yao.