Mpangaji Mkali wa Tsavo

Wageni ninaowatembeza Tsavo Mashariki huja wakiwaza simba na tembo. Mimi huwaomba wainue macho kwenye vilele vya migunga, maana mkali ninayempenda kuliko wote anakaa huko, na uzito wake haufiki gramu 80. Ni kozi kibete, ndege mbuai mdogo kuliko wote Afrika, mwenye urefu wa sentimita 20 hivi. Dume mgongo wake ni kijivu, jike ana rangi ya kahawia iliyokolea wekundu, na wote wawili wana miguu myekundu.

Kozi huyu hajengi. Huku kwetu huhamia kwenye viota vya mnana wa kichwa cheupe, yale marundo ya vijiti vya miiba yanayoning'inia matawini. Wenzake wa Kalahari nao hupanga kwa minana wa aina nyingine, wanaojenga kiota kimoja kikubwa cha kundi zima. Na mnana wetu si mdogo kwake: uzito wao unakaribiana.

Ukali wake, kwa jinsi ninavyomwona, unaanzia hapo hapo kwenye nyumba. Kwenzi naye hupenda kutaga katika viota vya wenzake. Akisogelea mlango, kozi aliyetulia kwenye tawi kavu huchezesha kichwa juu na chini, mkia ukitikisika, kisha hujirusha. Kwenzi hutimua mbio, na kozi hamfuati mbali; hurudi tawini kwake.

Huko si kuwinda. Chakula chake hasa ni mijusi, panzi na wadudu wengine. Sifichi kwamba mara nyingine hula makinda ya minana, wenyeji wake wenyewe, na jambo hilo huniuma.

Ujasiri huu si wa kozi wetu peke yake. Huko Marekani kuna kozi mdogo anayemfukuza mwewe mwenye uzito zaidi ya mara tano ya wake. Humshukia kutoka juu, kwa nyuma, mahali ambapo yule mkubwa, mzito wa kugeuka, hawezi kumfikia kwa kucha.

Majirani zangu mnaochoma mkaa kandokando ya hifadhi, nawasihi: mgunga wenye viota vya miiba uacheni. Mkiuangusha, mnana atajenga kwingine. Kozi hawezi.