Butembo–Beni: Milima ya kukimbilia ipo, njia salama ndizo zinazokosekana

Kati ya Butembo na Beni kuna kilomita 54 za barabara ya kitaifa namba 2, milima ikipandwa na kushukwa tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa dereva wa lori ni njia ya kazi na ya jasho. Kwa mtu anayekimbia kwa ajili ya afya au mashindano, ingeweza kuwa moja ya njia bora za mazoezi katika Kivu Kaskazini. Hata hivyo, wanaoamka alfajiri kupiga mbio katika miji hii miwili hukimbia zaidi ndani ya mji: wanazunguka, wanarudi, wanazunguka tena. Kinachowazuia si mlima.

Butembo iko chini ya kilomita 20 kaskazini mwa ikweta, lakini hewa yake ya asubuhi ni ya baridi kwa sababu mji umejengwa juu ya vilima, kwenye mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Beni iko chini, takriban mita 1,100, mahali ambapo joto la msitu linaanza kusikika. Anayetoka Butembo kwenda Beni kupitia Maboya na Kabasha anashuka karibu mita 600 kwa jumla, ingawa njiani atapanda mara nyingi kabla ya kufika. Anayerudi analipa deni hilo lote kwa miguu yake.

Tofauti hiyo ina faida kwa mwanariadha. Kadiri mtu anavyopanda juu, ndivyo kila pumzi inavyoleta oksijeni kidogo, na mwili ukizoea hali hiyo kwa majuma kadhaa unaongeza chembe nyekundu za damu zinazobeba oksijeni. Ndiyo sababu wakimbiaji wa dunia nzima huenda Iten, Kenya, kwenye mita 2,400 hivi. Butembo haifiki huko, lakini mtoto anayepanda kilima kila siku akienda shuleni au kisimani anajenga mapafu na miguu bila kulipa kocha.

Mbali na hapa, watu wamegeuza milima ya mashamba kuwa utajiri wa michezo. Huko Ufaransa, vijia ambavyo wakulima wa zabibu hupitisha matrekta wakati wa mavuno vimekuwa njia za mbio zinazojulikana. Karibu na mji wa Bordeaux, Marathon du Médoc inakimbiwa tangu miaka ya 1980: kilomita 42 katikati ya mizabibu, washiriki wengi wakivaa mavazi ya kuchekesha, na kwenye vituo vya njiani wanapewa divai ya eneo hilo pamoja na maji. Médoc ni tambarare kiasi. Lakini kaskazini mwa mji wa Lyon, katika vilima vya Beaujolais, kuna marathoni nyingine mwezi wa Novemba, wakati divai mpya ya mwaka inapotolewa, na huko wakimbiaji wanapanda na kushuka wakipita vijijini na hata ndani ya maghala ya divai.

Siri ya mbio hizo si divai. Njia zilikuwepo tayari, zimechongwa na kazi ya mkulima. Kilichoongezwa ni siku moja ya kufunga barabara, watu wa kugawa maji, madaktari, na wageni wanaolala na kula katika vijiji hivyo. Zao la mlima linapata jina, na kijiji kinapata pesa ambazo zao peke yake lisingeleta.

Mfano wa karibu zaidi hauhitaji ndege. Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, ni nchi ya kahawa ya arabika kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Huko ndiko alikotoka Stephen Kiprotich, aliyeshinda medali ya dhahabu ya marathoni kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Huko pia ndiko alikotoka Joshua Cheptegei, ambaye mwaka 2020 alivunja rekodi za dunia za mita 5,000 na mita 10,000, kisha akachukua dhahabu ya mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024. Wakimbiaji hao wamelelewa kati ya mashamba ya kahawa, kwenye vumbi jekundu kama la Butembo.

Karibu zaidi bado ni Kasese, ng'ambo tu ya mpaka wa Kasindi. Tangu mwaka 2022, mji huo unaandaa Rwenzori Marathon chini ya mlima uleule ambao wakaaji wa Beni huuona asubuhi mawingu yakifunguka. Kilele chake, Margherita, chenye mita 5,109, kiko kwenye mpaka wa nchi mbili. Upande wa Uganda, wageni wanakuja kukimbia chini ya kilele hicho. Upande wa Kongo, vijiji vya Mutwanga na kandokando yake vimejulikana zaidi kwa habari za mashambulizi kuliko kwa uzuri wa mlima.

Hapo ndipo shida yenyewe ilipo. Milima ya hapa nayo ina mazao yake. Kahawa ya arabika inalimwa Kyondo, katika vilima vya Lubero na kwenye miteremko ya Rwenzori, ambako ushirika wa Kawa Kanzururu unawaunganisha wakulima wanaouza kahawa yao nje ya nchi. Huko chini, pande za Beni, Mangina na Oicha, zao kubwa ni kakao. Kila shamba lina kijia chake, na kila kijia kingefaa kwa mazoezi: udongo laini kuliko lami, kivuli, na mteremko wa kutosha.

Lakini tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yanayohusishwa na waasi wa ADF yamefanya vijia hivyo viogopwe. Wakulima wengi wameuawa mashambani, hasa wakati wa kuvuna kakao. Familia zimeacha vijiji na kuingia Beni, Oicha na Butembo. Katika eneo hilo, neno "kukimbia" kwa watu wengi kwanza lina maana ya kuokoa maisha. Kundi la vijana likipita mbio alfajiri, wanaoliona wana haki ya kuuliza kwanza: wanakimbia kwenda wapi, au wanakimbia nini?

Mambo mengine yamezidisha ugumu. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 hadi tarehe 25 Juni 2020, ugonjwa wa Ebola uliotangazwa Mangina ulifika Beni na Butembo, ukaua zaidi ya watu 2,200 mashariki mwa nchi. Kukusanyika kwa ajili ya michezo kulikuwa hatari. Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na tangu Novemba mwaka huo majeshi ya Kongo na Uganda yamekuwa yakifanya operesheni ya pamoja dhidi ya ADF. Mahali penye vizuizi vya askari, anayetoka nyumbani kabla ya mwanga bila kitambulisho anajitafutia matatizo.

Ndiyo maana mbio za Beni ni mbio za Boulevard Nyamwisi na barabara za kati, na za Butembo ni za Rue Président de la République na vilima vya mitaa. Si mbaya. Katika Butembo hakuna haja ya kutafuta mlima, kwa maana kutoka katikati ya mji karibu kila njia inapanda. Kasoro ni pikipiki, malori na, wakati wa kiangazi, vumbi linaloingia mapafuni. Saa nzuri ni ile ya kwanza baada ya kupambazuka: kuna mwanga wa kutosha kuonekana, na magari bado ni machache.

Kwa anayeanza, mlima unataka adabu. Wakati wa kupanda, hatua ziwe fupi na mwendo ufuate pumzi; asiyeweza kusema sentensi moja amezidisha. Kushuka ndiko kunakoumiza zaidi, kwa sababu misuli ya mapaja na magoti hubeba uzito wa mwili kila hatua. Anayeshuka vizuri hajiachii wala hajivuti nyuma. Anapiga hatua ndogo za haraka. Ni heri kutembea sehemu kali kuliko kulala juma zima na goti lililovimba. Na katika miji hii kuna kanuni mbili za ziada: kukimbia wawili au watatu, na kumwachia mtu nyumbani habari ya njia na saa ya kurudi.

Kwamba vipaji vipo, si jambo la kubahatisha. Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Makorobondo Salukombo, ambaye familia yake ilikimbia vita vya mashariki na kuhamia Marekani, aliiwakilisha Kongo katika marathoni. Katika michezo hiyohiyo Beatrice Kamuchanga alikimbia mita 5,000 kwa bendera ya nchi. Wote wawili wana asili ya Kivu Kaskazini, upande wa Goma.

Mbio za kilomita 10 ndani ya Butembo, zikianza na kumalizikia mahali pamoja, hazihitaji uwanja wa mamilioni. Zinahitaji ruhusa ya meya, polisi wa kusimamisha pikipiki kwa saa mbili, gari la wagonjwa, maji safi, na pengine kikombe cha kahawa ya Kyondo kwenye mstari wa mwisho. Hilo linawezekana hata sasa.

Zile kilomita 54, na vijia vya kahawa vinavyopanda kutoka hapo, ni hesabu nyingine. Siku ambayo kijana ataweza kutoka Butembo alfajiri, apite Maboya na Kabasha, aingie Beni kabla ya jua kali bila mtu yeyote njiani kushtuka kwa kumwona akikimbia, mkulima naye atakuwa anaenda shambani kwake bila hofu. Njia hiyo ni ya wote wawili, na mkulima ndiye anayeihitaji kwanza.